Aliyeitika Nyuma Yangu

Kwetu Chongqing ukimuuliza mtu anakaa ghorofa ya ngapi, naye atakuuliza kwanza umeingilia barabara gani. Jengo moja lina mlango chini kabisa ukingoni mwa mto na mlango mwingine juu ya paa, na yote miwili inatokea barabarani. Wageni huona maajabu. Mdogo wangu Yunfang amekula kwa maajabu hayo miaka yote: ni mwongoza watalii, anawazungusha watu mjini nusu siku, kibendera cha njano mkononi na kipaza sauti kiunoni. Mimi ni dada yake, Guizhen. Nakaanga pilipili kwenye mafuta katika jiko la mkahawa, na zile punje zetu ndogo zinazotia ganzi mdomoni zimeshauua ulimi wangu zamani. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nataka ujue tu kwamba mimi si mtu wa kushtuka ovyo.

Matembezi ya Yunfang ni mafupi. Yanaanzia kwenye handaki la zamani lililochongwa mwambani wakati wa vita ili watu wajifiche mabomu, ambamo siku hizi kuna mtu ameweka meza anauza tambi, kwa kuwa mle ndani pana ubaridi mzuri msimu wa joto. Kutoka hapo wageni hupanda ngazi za mtaa wa zamani, huvuka mto kwa behewa la waya linaloning'inia juu ya maji, kisha hupanda kilima cha ng'ambo na kuutazama mji. Nyumba yetu iko kilimani huko, chini kidogo ya pale wanapopigia picha. Tuliishi humo mama yetu, mimi, Yunfang na binti yake Ruoxi, aliyekuwa na miaka saba. Baba yake mtoto alikuwa kazini pwani na alirudi mwaka mpya tu.

Shule zilipofungwa mwaka ule, Yunfang akamchukua Ruoxi kwenye matembezi. Mtoto alipenda kushika kile kibendera na kujifanya yeye ndiye bosi. Wakiwa ndani ya handaki umeme ukakatika, muda wa mtu kumeza tonge, ukarudi. Wageni wakacheka, wakaendelea na tambi zao. Walipotoka nje, Ruoxi alikuwa ameacha kusema.

Nyumbani alikaa kwenye kigoda akitazama ukuta. Ukimwita hageuki. Ukimlisha hutafuna, ukiacha naye anaacha. Hospitali walimpima kila kitu wakasema ni mzima, apumzishwe. Mimi nikachukua punje ya ganzi, nikamwekea ulimini. Hata mtu mzima huitema na kutukana. Yeye aliitafuna polepole, akameza, akaendelea kutazama ukuta.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Mama alisema mtoto amebaki handakini na kilicholetwa nyumbani ni mwili. Hatukumbishia. Kwetu mtoto akishtuka sana, roho yake huweza kubaki pale pale aliposhtukia, na lazima ikaitwe. Huenda watu wawili na nguo ya mtoto. Wa mbele hubeba nguo na kuita jina kila njia inapopinda. Wa nyuma huitika kwa niaba ya mtoto, "Nimerudi," hadi mlangoni. Mlangoni mtu wa tatu huuliza kama amerudi, wa nyuma hujibu kwamba amerudi, na mtoto anavishwa nguo. Njiani wa nyuma hasemi neno lingine, wala hageuki nyuma. Hata sisi tuliwahi kuitwa hivyo utotoni, Yunfang zaidi yangu, maana mbwa yeyote akibweka yeye roho ilikuwa juu.

Tatizo likawa Yunfang. Alikuwa na kundi la wastaafu wa kiwanda kutoka kaskazini, na kampuni yake ilikuwa imeshamwonya juu ya kutofika kazini. Tena aliona haya. Alisema watu watamrekodi kwa simu akipiga kelele ngazini kama mshamba. Ndipo akaja na ujanja wake: njia ya matembezi ni ile ile inayotoka handakini hadi kwetu, na kila kituo yeye huita majina ya wageni kuhakikisha hakuna aliyepotea. Ataliweka jina la Ruoxi mwishoni, mimi nitatembea nyuma ya kundi na kuitika, nani atajua?

Mama hakupenda. Alikuwa anamfunga Ruoxi kamba za viatu, ingawa hakuna pa kwenda.

"Utaita majina ya watu mle ndani, Yunfang?" aliuliza. "Mle kuna wengi ambao hawakutoka wakati wa vita, bado wanasubiri kuitwa."

Yunfang akamwambia asijali, ni wageni wachache tu na wote wana vitambulisho shingoni.

Asubuhi ya matembezi ukungu ulikuwa umeushika mji kama kawaida yake. Tulikutana handakini. Wazee walikuwa wachangamfu, hasa mmoja aitwaye Mzee Geng, ambaye kwao ni tambarare tupu na alikuwa hajawahi kupanda ngazi zaidi ya zile za kwake. Walikula tambi, wakapuliza midomo, wakalaumu ganzi. Kisha Yunfang akasimama mdomoni mwa handaki, koti jekundu la Ruoxi likiwa limekunjwa chini ya kibendera, akaanza kuita.

"Mzee Geng."

"Nipo. Ila magoti yangu nimeyaacha mtoni, binti."

Wakacheka. Akaita Mama Pang, akaita wengine, wote wakaitika. Mwisho akashusha sauti: "Ruoxi, twende nyumbani."

"Nimerudi," nikasema mimi, nikiwa nyuma ya wote. Mama Pang alinitazama akatabasamu, akidhani na mimi nimelipia matembezi.

Tukapanda. Ngazi za mtaa ule ni nyembamba, ukuta huku, ukuta huku, na nguo zimeanikwa juu ya kichwa. Ukungu uliingia katikati yetu, nikawa naona migongo ya wazee wawili watatu tu. Ngazi zilipopinda, Yunfang akasimama akaita tena. Mzee Geng akaitika kwa kuhema. Wengine wakaitika.

"Ruoxi, twende nyumbani."

Nilifungua mdomo.

"Nimerudi," sauti ikasema.

Ilikuwa ya mtoto. Ilitokea nyuma yangu, na nyuma yangu hapakuwa na mtu. Kuwa wa mwisho ndiyo ilikuwa kazi yangu. Haikuwa sauti ya Ruoxi. Ilitamka maneno kama bibi yetu alivyoyatamka, matamshi ya zamani ambayo mjini hayasikiki tena. Kule mbele Yunfang alinipungia kibendera kidogo, ameridhika, akifikiri nimeigiza sauti ya mtoto ili mambo yaende vizuri zaidi. Sikugeuka, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa.

Kona iliyofuata sauti iliniwahi tena. Sasa ilikuwa karibu na kiwiko changu. Nikasikia harufu ya moshi, moshi wa taa ya mafuta ndani ya chumba kisicho na dirisha. Nilitaka kumwambia Yunfang aache. Lakini nikisema neno lingine njia inakatika, na Ruoxi anabaki huko huko kwa maisha yake yote, kwenye kigoda, akitazama ukuta. Kwa hiyo nikatembea. Sikulia, sikutetemeka. Nilihisi kama nimeng'olewa jino, ile hali ya kujua pana jeraha na kutolisikia.

Kwenye kituo cha behewa la waya mhudumu alikuwa anatuingiza mmoja mmoja. Wazee wakapita. Nilipofika mimi akanizuia kwa mkono.

"Huyo mtoto naye ni wa kundi lenu?"

Nikampungia Yunfang. Yunfang akarudi akamuuliza ni mtoto gani.

"Huyo aliyeshikwa mkono na mama hapa," akasema, na kuelekeza kidole chini, ubavuni mwangu wa kulia.

Nikautazama mkono wangu. Haukuwa umeshika kitu. Vidole vilikuwa vimekunjwa, si ngumi, vimekunjwa tu. Sikuwa nimevikunja mimi. Nikajaribu kuvinyoosha, havikutii. Mhudumu akapangusa miwani yake, akatazama tena, akaomba radhi kwa ajili ya ukungu, akatupitisha.

Ndani ya behewa tulisimama tumebanana. Chini yetu mto haukuonekana. Mama Pang akavuta miguu yake kupisha nafasi mbele yangu, bila kuangalia, kama mtu anavyompisha mtoto atazame dirishani. Ile nafasi haikujazwa. Yunfang aliiona. Tangu hapo aliacha kutabasamu.

Tukapanda kilima. Aliita kwa sauti iliyokauka. Kila alipoita, kile kilichokuwa ubavuni mwangu kiliitika. Kona ya mwisho kabla ya kwetu wazee walikwishatangulia kupiga picha za ukungu. Tulibaki sisi wawili.

"Ruoxi, twende nyumbani."

"Nimerudi," ikasema ile ya karibu.

Kisha, mbali, chini sana ngazini, sauti iliyochoka: "Nimerudi."

Hiyo niliijua. Hiyo ilikuwa ya kwetu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la wali. Nyuma yake niliona kigoda na mgongo wa mtoto. Mama akauliza kama inavyopasa: "Ruoxi amerudi?"

Hapa hakuna roho inayoweza kujijibia. Ni mtu hai peke yake anayeweza kujibu, naye ni mimi.

"Dada," Yunfang akanong'ona. "Jibu."

"Hayuko peke yake, mama."

Mama hakunitazama usoni. Aliutazama mkono wangu wa kulia, kisha akatazama chini kidogo ya mkono, pale ambapo pangekuwa na uso. Mama yangu alizaliwa wakati wa vita, na alikuwa na kaka na dada ambao hakuwahi kututajia majina.

"Mimi nimeuliza Ruoxi tu," akasema taratibu. "Ruoxi amerudi?"

Angeniambia nirudi, ningerudi. Ningeshuka na kile kitu hadi handakini nikakiacha huko, na Ruoxi naye angebaki ngazini. Nilimfikiria mtoto wetu akipanda peke yake ndani ya ukungu, akisikia mwingine akiitika kwa jina lake.

"Amerudi," nikasema.

Mama akajisogeza pembeni. Akajisogeza zaidi ya ilivyohitajika kwa mtu mmoja. Yunfang akakimbilia ndani akamvisha Ruoxi koti. Mtoto akapiga chafya. Akapangusa ulimi kwa mkono wa koti, akakunja uso, akanitafuta kwa macho.

"Mama mkubwa, umenipa nini? Mdomo wote una ganzi."

Ilikuwa ile punje niliyomwekea siku za nyuma. Yunfang akamkumbatia akalia hadi wazee wakaja kuchungulia. Mzee Geng akauliza kama kuna msiba. Mama akamwambia hapana, mgeni amefika.

Ruoxi alipona. Alikua vizuri, mrefu kuliko sisi sote, mwenye maneno kama mama yake. Mlangoni, kwenye mwimo wa kulia, siku ile lilibaki doa la masizi, kiasi cha kiganja kidogo, usawa wa nyonga yangu. Tumelisugua, tumelipaka rangi, tumebadilisha ubao. Hurudi. Kila mwaka mpya Yunfang alimpima Ruoxi urefu hapo hapo, alama ikapanda na kupanda, lakini doa halijawahi kupanda. Mkono wangu wa kulia nao haujarudi; hauhisi kitu. Mafuta yakinirukia jikoni, najua kwa harufu. Mama alifariki bila kuniambia aliona nini. Alinikataza tu kumpa mtu yeyote mkono wa kulia.

Ruoxi hakuwahi kulisema jambo hili, wala sisi hatukumuuliza. Mwaka jana alikwenda kusoma chuo huko kaskazini. Nilimsindikiza hadi kwenye ngazi, sanduku lake nikilivuta kwa mkono wa kushoto. Ukungu ulikuwa mwingi. Alinikumbatia, akaomba nisilie, nikamwambia mimi huwa silii. Akashuka ngazi kidogo, akasimama.

"Usihofu mama mkubwa, hutakuwa peke yako," akasema, bila kugeuka. "Nimemuuliza. Amesema yeye anabaki na wewe."

Akashuka. Nilisikiliza magurudumu ya sanduku yakigonga ngazi hadi yakapotea. Nikaenda kazini, nikafunga aproni, nikanawa mikono kabla ya kushika pilipili. Wa kushoto ulitoa maji meupe. Wa kulia ulikuwa umekunjwa, na nilipoulazimisha kufunguka, maji yakatoka meusi.