Mbegu ya Kifuani

Jua lilikuwa linazama Flaviana alipokuwa akipandisha barabara ya Kiyovu, Kigali, chungu cha mche mkononi, begi la safari mgongoni. Haraka yake ilikuwa moja tu: akabidhi mche wa watu, apande pikipiki, awahi basi stendi ya Nyabugogo. Kesho asubuhi, huko kwao Ngara, binti yake Pamela alikuwa anapokea komunyo ya kwanza. Mama mtu alikuwa ameahidi kuwepo. Alikuwa ameahidi Krismasi pia, na Pasaka, na mara zote mbili aliishia kupiga simu.

Ngara si mbali na Kigali. Unavuka mpaka wa Rusumo, unapanda vilima, umefika. Lakini mwenye miche ni mtu wa ajabu: anaweza kumwacha mtoto kwa bibi yake miaka na miaka, ila hawezi kuacha kitalu siku mbili. Safari hii alimwachia jirani yake wa Kabeza, Peace, fundi cherehani, naye Peace akapokea bomba la kumwagilia huku anacheka.

"Wewe, hii miti itakuoa siku moja," Peace alimwambia.

Nyuma ya chumba chake cha kupanga, Flaviana aliotesha vitu ambavyo wengi mjini walikuwa wameviona kwenye simu tu: shokishoki, doriani, pitaya, waridi la jangwani lenye shina nene kama goti la mtoto. Vyote kwa mbegu. Sasa, mbegu za nchi za joto haziwezani na baridi ya usiku ya Kigali, zinaoza kabla hazijapasuka. Wenzake walihangaika na taa na mablanketi. Yeye alikuwa na njia yake, na hakuna aliyeambiwa. Alifunga mbegu kwenye kitambaa chenye unyevu, akanyunyizia vumbi la mkaa, akakitia kifuani katikati ya matiti, akalala nacho. Joto la mtu halipandi wala halishuki ovyo. Mbegu zilizowashinda wengine zilipasuka pale pale, zikimchoma kidogo kwenye ngozi, naye alifurahi peke yake gizani. Tuseme ukweli: ilimkumbusha kunyonyesha.

Mbegu ya mche huu aliletewa na mzee mmoja mpole aitwaye Révérien, mjane, aliyefika Kabeza mwisho wa kiangazi. Mbegu yenyewe ilikuwa moja, nyeusi, imefungwa kwenye leso. Mzee hakujua jina la mti. Alisema tu ni ya tunda la mwisho la mti wa marehemu mke wake, na kwamba kila aliyejaribu kuotesha mbegu za mti huo alishindwa. Kwa Flaviana maneno hayo yalikuwa sawa na kuchokozwa.

Ilikaa kifuani muda mrefu kuliko mbegu yoyote. Usiku mmoja aliisikia inadunda. Du... du... du. Akajiambia ni moyo wake mwenyewe, akageukia ubavu wa pili, akalala. Asubuhi ilikuwa imepasuka.

Geti la Mzee Révérien lilikuwa wazi. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama ndani yake, amevaa koti na kofia, kama mtu anayengoja gari.

"Mwiriwe, Mzee. Mche wako huu. Naomba niuache hapa hapa, nina basi."

"Mwiriwe neza, mwana wanjye," akasema kwa sauti ya chini. "Hapana hapa. Ulete kule ndani. Kidogo tu."

Utamkatalia vipi mzee aliyefiwa? Akamfuata nyuma ya nyumba, hadi kwenye banda la vioo lililojengwa ukutani. Mlango ulipofunguliwa, joto likampiga usoni. Kisha harufu.

Haikuwa ya udongo, wala ya mbolea.

Ilikuwa ya maziwa. Tamu, yenye uchachu kwa mbali, ile inayobaki kwenye nguo za mtoto mchanga.

Katikati ya banda ulisimama mti mkavu, majani yake yote yako chini. Mbele ya mti kulikuwa na kiti cha sofa kilichochakaa, katikati kimebonyea umbo la mtu. Juu ya mkono wa kiti, kitenge kimekunjwa vizuri. Chini ya kiti, sahani na kikombe.

"Mke yangu alikuwa nakaa hapo," mzee alinong'ona.

"Kila siku?"

"Kila siku. Na usiku." Akautazama mche, bila kuugusa. "Hii, uliotesha namna gani? Na taa?"

Siku zote Flaviana alikuwa na uongo wake tayari kwa swali hilo. Jioni ile haukutoka. Macho ya mzee yalikuwa yamemkazia kwa hofu, au kwa matumaini, hakuweza kutofautisha.

"Kifuani, Mzee. Nililala nayo."

Mzee akafumba macho.

"Na yeye alilara nayo," akasema.

Flaviana hakupenda namna alivyolisema. Akaweka chungu sakafuni, akaaga, akageuka. Hakuwa amefika mlangoni aliposikia sauti nyuma yake. Nyembamba. Ya kukatika katika. Angependa kuamini ni paka, lakini aliyewahi kuzaa haambiwi kile ni kilio cha nini.

Kilikuwa kinatoka kwenye chungu.

Majani mawili ya mche, yaliyokuwa yamesimama vizuri tangu Kabeza, yalikuwa yanalegea huku anayaangalia. Na kifua chake kikapata joto. Akainamisha kichwa. Blauzi ilikuwa imelowa, madoa mawili, yanapanuka.

Pamela alikuwa na miaka minane. Kifua hiki kilikuwa kimekauka zamani.

Akakimbia. Hakuna aliyemzuia, na geti lilikuwa bado wazi. Barabarani alisimamisha pikipiki ya kwanza, akapachika helmeti ya abiria kichwani, akasema neno moja: "Nyabugogo." Walianza kuteremka. Upepo wa jioni ukampiga, taa za mji zikaanza kuwaka, akajiambia yamekwisha, ni uchovu, kesho atakuwa kanisani na gauni lake la kitenge.

Kilio kikaanza tena.

Kilikuwa ndani ya helmeti.

Akaivua. Kilio hakikubaki ndani yake, na kadiri walivyokwenda ndivyo kilivyopanda. Pumzi nayo ikaanza kumpungukia. Alivuta hewa, ikaishia kooni. Akavuta tena, ikaishia mdomoni. Dereva akapunguza mwendo, akageuza shingo.

"Mama, mtoto iko wapi?"

"Mtoto gani?" Sauti ilimtoka kwa shida.

"Nasikia iko nalia hapo nyuma. Umemubeba vibaya?"

Hapo ndipo Flaviana alipoogopa kweli. Mpaka dakika ile alikuwa bado na nafasi ya kujidanganya kwamba akili inamchezea. Sasa alikuwa na shahidi, kijana wa watu asiyemjua, anayemtafuta mtoto mgongoni kwake na kuona begi tu. Akamwomba asimame. Akashuka, akajaribu kuendelea kwa miguu kuteremka. Hatua chache, macho yakaingia giza. Akajaribu kupanda kurudi alikotoka, na hewa ikaingia kifuani mwake yote, tele, baridi, bila kizuizi chochote.

Alilia njia nzima ya kurudi. Hakuna aliyemshika mkono, na miguu iliyokuwa ikimpeleka ilikuwa yake mwenyewe.

Mzee Révérien hakuwa ameondoka bandani. Taa ilikuwa imewashwa. Karibu na mlango kulikuwa na sanduku la safari ambalo Flaviana hakuliona mwanzo. Alimpita mzee bila salamu, akakishika chungu akiinue. Kama ni lazima mche uwe naye, basi watakwenda wote Ngara, hata kama ni kuuficha chini ya nguo mpakani.

Chungu hakikuinuka.

Akapiga magoti, akachungulia. Mzizi mweupe, mnene kama kidole, ulikuwa umetokea kwenye tundu la chini na kuingia kwenye ufa wa saruji. Akavuta kwa nguvu. Maumivu yakampasua katikati ya matiti, pale pale ilipokuwa ikilala mbegu, akaachia mwenyewe. Kilio kikapanda. Akaweka kiganja juu ya udongo bila kufikiri, akaupapasa, na kilio kikashuka.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

Mzee alikuwa anaizungusha kofia mikononi.

"Nilisahau."

"Hukusahau, Mzee."

Hakubisha. "Watoto yetu iko Ubelgiji," akasema. "Wajukuu sijawaona, hata mmoja. Yeye hakuweza kutoka hapa, na mimi sikuweza kumwacha. Alipokufa, mti ukakauka. Nilifikiri imeisha. Lakini ile mbegu moja... usiku ilikuwa nanyima usingizi. Ilikuwa natafuta mtu."

"Ni kitu gani hiki?"

"Hata yeye hakujua. Alipewa mbegu na mwanamke mmoja, pale Nyabugogo, zamani sana."

"Mwanamke gani?"

"Sijui. Alikuwa na haraka." Mzee akainama, akashika sanduku lake. "Alikuwa na valise. Kama mimi."

Flaviana alitaka kumrukia, amkabe, amlazimishe kubaki. Lakini alipojaribu kuinuka, majani yalilegea, naye akakaa tena chini. Alimwona mzee akivaa kofia taratibu, mtu mpole vile vile kama siku ile ya leso.

"Mpishi analeta chakula asubuhi," akasema. "Ihangane, mwana wanjye. Vumilia."

Nyayo zake zikapita kwenye kokoto, zikafika getini, zikatoka. Hakufunga geti. Kupitia vioo Flaviana aliliona limeachama, na ng'ambo yake barabara, na magari ya watu wanaorudi majumbani kwao. Magoti yalimuuma. Akasimama bila kuondoa macho kwenye mche, akarudi nyuma kidogo, akakaa kwenye kile kiti.

Kilimkaa sawasawa.

Simu ikaita begini. Jina la mama yake kwenye kioo, lakini sauti ilikuwa ya Pamela.

"Mama, ushapanda basi?"

"Nipo njiani, mwanangu."

"Bibi kashapiga pasi gauni langu. Limening'inizwa ukutani, jeupeee. Utaliona asubuhi?"

"Nitaliona."

Pamela akategea sikio.

"Mama, nani huyo analia?"

Flaviana akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akakiondoa.

"Mtoto wa jirani. Kwenye kiti cha pembeni."

"Ana njaa huyo," Pamela akasema, kwa uhakika wa mtoto aliyeishi na bibi. "Mwambie mama yake amnyonyeshe."

"Haya, mwanangu. Nitamwambia."

Kilio kilikuwa kimejaa banda zima. Flaviana akaagana na binti yake, akaizima simu kabisa, ili Pamela asije akapiga tena na kugundua hakuna basi. Kisha akavuta chungu karibu, kwa kadiri mzizi ulivyoruhusu, akafungua kifungo cha kwanza cha blauzi.