Mpisheni Mwenyeji

Sakafu ya sebule yetu haionekani. Imefunikwa na kipande cha wavu. Mkwe wangu anakaa upande huu na sindano yake ya nyavu, mimi upande ule. Anayetaka kupita, aruke. Mumewe, mwanangu, ni nahodha wa boti kubwa la kuvua jodari. Wavu ukichanika, mafundi ni sisi.

Siku ile tundu lilikuwa kubwa mno.

"Mama, hili si tundu, ni mlango," alisema mkwe wangu. "Bado bawaba tu."

Nahodha hakucheka. Alikaa kwenye stuli, ameshika tama.

"Mwenye boti amesema wavu ukichanika tena, usukani anampa mtu mwingine."

Mkwe wangu akaokota sindano yake, tukaendelea kushona.

Mabaharia wana neno lao. Papa potwe, yule mkubwa kama basi, mwenye madoa meupe mgongoni, wanamwita mwenyeji. Jodari humfuata kama wageni wake. Mwanangu akimwona mwenyeji, humzungushia wavu, awazoe wageni wote. Kisha mwenyeji hufungwa kamba mkiani, avutwe atolewe nje. Naye hujipindua na kupigapiga mpaka wavu unachanika.

Jioni akaja jirani yetu. Tunamwita Bibi Samaki, maana anafanya kazi idara ya uvuvi.

"Hodi! Nikanyage wapi?"

"Pembeni, dada. Hapo katikati shemeji yako ameshaharibu."

Bibi Samaki aliliangalia lile tundu.

"Shemeji, potwe huyo mlimtoaje?"

"Kwa mkia. Ulitaka nimbebe mgongoni?"

"Nikikuvuta mguu mmoja kutoka kitandani, utatoka kimya?"

"Huyu?" mkwe wangu akadakia. "Atavunja kitanda!"

Hapo hata Nahodha alicheka. Bibi Samaki akakaa chini, akaeleza polepole.

"Potwe hana ubaya na mtu. Chakula chake ni dagaa na vidudu vidogo vya baharini. Ila anachelewa sana kuzaa. Ukimvuta mkia unamuumiza ndani, na anaweza kwenda kufa mbali, usijue. Wakiisha, hawarudi upesi. Kwa hiyo ukimwona, usimzungushie wavu. Mpite. Tafuta jodari wanaotembea wenyewe."

"Na akiwa chini, nisimwone mpaka wavu umeshafungwa?"

"Acha kuvuta. Usimtie kamba, si mkiani, si kwenye mashavu. Msogezeni taratibu mpaka kwenye maboya yanayoelesha wavu. Zamisheni maboya ya upande huo, apite juu yake. Akikwama, kata macho machache ya wavu mbele ya kichwa chake."

Nahodha akaruka. "Nizamishe maboya? Jodari si watatoka wote?"

"Watatoka wachache. Wengi watakuwa wamekimbilia chini. Wewe unafungua mlango mdogo, kisha unafunga."

"Na ukikata," alisema mkwe wangu, "kata mstari ulionyooka. Huo nitauziba kabla chai yangu haijapoa. Si kunichania kama shati la mlevi."

Safari iliyofuata, asubuhi, wakamwona mwenyeji. Nahodha akampita. Mabaharia waliguna, lakini boti halikusimama.

Baadaye wakaona ndege wengi juu ya maji, na jodari chini yao. Wakazungusha wavu. Walipoanza kuvuta, mgongo wa madoa ukaibuka katikati.

"Kamba!" baharia mmoja akapiga kelele.

"Weka kamba chini!" alisema Nahodha. "Zamisheni maboya!"

Mwanangu anasema alikuwa anauona usukani ukimponyoka. Mwenyeji alisogea, akafika kwenye maboya, akakwama kichwa. Nahodha akainama na kisu, akakata mara moja, mstari ulionyooka. Mwenyeji akapita taratibu, kama mtu mzima anayetoka kwake. Wakainua maboya upesi. Jodari wachache walitoka. Wengi walibaki.

Mwenye boti alikuja nyumbani kukagua.

"Umechanika wapi?"

"Tafuta," alijibu mkwe wangu.

Alipapasa wavu kila mahali, asione kitu. Ulikuwa umeshazibwa. Akamgeukia Nahodha.

"Lini unatoka tena?"

Siku hizi mabaharia wakimwona potwe bado wanaita, "Mwenyeji!" Lakini hawasemi tena, "Zungusha!" Wanasema, "Mpisheni!"

Na sakafu yetu, kumbe ni nyekundu. Nilikuwa nimeshasahau.