Mlango wa Bi Mejumaa

Kila Jumanne alasiri, kengele ya mwisho ikilia, Shahd alibeba mkoba wake hadi chumba cha sanaa cha shule yao, karibu na Mji wa Kale. Huko wanafunzi wa chama cha historia walikaa wawili wawili na wachoraji wa chama cha sanaa. Mwanahistoria alikwenda kwenye nyumba ya kale, akauliza habari za mlango wake, kisha akamsimulia mwenzake. Mchoraji naye akachora kwa kutegemea masimulizi hayo. Mwenzake Shahd alikuwa Kioko, mvulana mpole ambaye babake alifanya kazi bandarini Kilindini.

Jumanne moja Kioko aliufunua mchoro wao, na Shahd akatamani kuufunika tena. Mchoro ulikuwa mzuri kupita kiasi. Mbele ya mlango mkubwa wa nakshi alisimama tajiri mwenye ndevu, jambia kiunoni, amejivuna utadhani mji wote ni wake.

Tajiri huyo hakuwahi kuwepo. Shahd alikuwa amemtunga. Mlango waliopewa ulikuwa wa Bi Mejumaa, mzee wa Mji wa Kale, na nyumba yake si ya kuingia na kutoka: utaulizwa habari za mama, za nyanya na za mashangazi wote, uletewe sharubati, na ukimaliza uongezwe. Shahd, mvivu wa salamu, aliutazama mlango kutoka upande wa pili wa kichochoro, akajiambia kuwa mlango mkubwa ni wa bwana mkubwa, akaenda zake. Kioko alipomuuliza, alimpa habari za kupika, na Kioko akazichora kwa moyo wote.

Sasa Mwalimu Nasipwondi, mlezi wa vyama vyote viwili, akatangaza kuwa maonyesho ni Alhamisi na wenye nyumba wamealikwa. Bi Mejumaa alikuwa ameshaitikia.

Shahd aliliona litakalotokea. Bi Mejumaa angemkuta mtu asiyemjua amesimama mlangoni pake, tena mbele za watu. Na angelaumiwa nani? Jina lililoandikwa pembeni ya mchoro lilikuwa la Kioko. Wazo baya likamjia, kwamba aseme Kioko ndiye aliyesikia vibaya. Kesho yake Kioko alimshukuru kwa masimulizi matamu, na shukrani hizo zikamchoma kuliko tusi.

"Kioko," alisema hatimaye, "sikwenda kwa Bi Mejumaa. Yule tajiri nimemtunga mimi."

Kioko alimgeukia. "Kwa nini hukuniambia hujui?" akauliza. "Ningekungoja."

Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Shahd zaidi. Kioko akachukua penseli na karatasi, akasema waende sasa hivi.

Walipiga hodi. Salamu zikachukua muda wake, sharubati ikaja. Shahd alikiri kosa lake kabla hajaigusa bilauri. Bi Mejumaa alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Mlango huu uliwekwa na nyanya yangu, mwanangu," alisema. "Alifiwa na mumewe mapema. Akashona kofia kwa mkono mpaka macho yakaingia kiza, ndipo akapata cha kumlipa fundi wa nakshi. Wapita njia husema bwana wa nyumba hii alikuwa tajiri. Nawe, mtoto wa papa hapa, wasema yayo hayo?"

Shahd aliomba radhi tena, kisha akauliza kofia hizo zilishonwaje. Bi Mejumaa akawaonyesha jinsi nyanya yake alivyoshika sindano, na Kioko akaichora mikono ya bibi huyo.

Muda haukutosha. Alhamisi mchoro ulitundikwa haujakamilika: tajiri amefunikwa kwa rangi nyeupe, na mahali pake ameketi mwanamke mwenye kofia mapajani, kwa penseli tupu. Shahd alisimama kando ya mchoro, akaeleza mbele ya wageni kosa lake na jinsi Kioko alivyolirekebisha.

Bi Mejumaa aliutazama mchoro kwa muda mrefu. "Ndiye," alisema, akajifuta macho kwa upindo wa buibui.

Baadaye Mwalimu Nasipwondi alimwita Shahd kando. "Mwenzako amekuazima mkono wake," alimwambia. "Ukimpa uongo atauchora vizuri, na watu watauamini. Kuuliza si ujinga, Shahd. Ujinga ni kusimulia usilolijua."

Shahd aliitikia kwamba amesikia. Kisha akarudi kwa Bi Mejumaa, akamuuliza leso ya nyanya yake ilikuwa ya rangi gani, ili Kioko aipake.