Gia Iliyoshikwa kwa Mkono

Mgeni aliingia gereji bila kubisha hodi. Viatu alikuwa amevishika mkononi, suruali imejaa vumbi hadi magotini, lakini shingoni tai yake ilikuwa imefungwa sawasawa kama mtu anayekwenda ofisini.

"Nani hapa ana gari la kuvuta mzigo?" aliuliza kabla hata ya salamu.

Pikapu ya dizeli ilikuwa imeinuliwa juu ya magogo katikati ya sakafu. Upande mmoja alikaa fundi, upande wa pili dada yake mkubwa, ambaye ndiye dereva. Walikuwa wamepeana migongo. Tangu asubuhi hawakuwa wakisemezana.

"Gari ndilo hilo," dada alisema. "Ila halina giaboksi."

"Linazo mbili," fundi akadakia. "Ila zote ziko chini."

Mgeni aliangalia sakafuni. Kweli, vyuma viwili vilikuwa vimelala juu ya gunia, na hivyo ndivyo vilivyowagombanisha ndugu wa tumbo moja.

Cha kwanza walikiita Kobe. Kilikuwa na gia nne tu, kizito kama jiwe la kusagia, nacho kilitoka katika gari la marehemu baba yao. Gia yake ya kwanza ilikwenda polepole kiasi kwamba mtu angeweza kushuka, akafunga kamba za viatu vyake, kisha akalikuta gari palepale. Cha pili walikiita Swala. Gia tano, chepesi, kimya, hakinywi dizeli ovyo barabara ya lami. Fundi alikuwa amekiosha, amekibadilisha mipira, amekipaka rangi. Alikipenda kama mtu apendavyo kitu alichokifufua mwenyewe.

"Mimi ni mwalimu," mgeni alisema, akajiachia juu ya tairi kuukuu. "Shule yetu ya bweni iko ng'ambo ya bonde. Pampu ya kisima imekufa. Mpya imefika, iko kwenye trela nyuma ya soko, pampu na injini yake. Kila dereva niliyemfuata amenicheka. Watoto wamebaki na maji ya kunywa ya leo na kesho, basi."

"Na njia ya kuzunguka?" dada aliuliza.

"Siku tatu."

Ilibaki njia ya mkato, iliyoshuka genge, ikakata mto mkavu, ikapanda tena. Kila mtu mjini aliijua, na wengi waliijua kwa masimulizi tu.

Dada alisimama. "Tunafunga Kobe."

"Dada, Kobe ana ugonjwa! Gia ya kwanza inaruka. Ukishuka mlima tu, inachomoka yenyewe, unabaki huna kitu."

"Gia inayoruka utaishika kwa mkono. Gia ambayo haipo utaishika wapi? Huyo Swala wako ana mguu mrefu wa mbio, hana gia ya polepole. Ukimfungia trela zito atakula klachi kabla hajaondoka."

"Swala ndiye wa kutulisha sisi! Kazi zote tunazopata ni za lami."

"Sikatai," dada alisema, na sauti yake ikalainika. "Mdogo wangu, sikiliza. Nifungie Kobe kwa safari hii moja. Tukirudi salama, utaweka Swala wako, nami nitamwendesha. Na sitatoa neno. Hata moja."

Fundi alicheka bila kutaka. "Wewe? Ukae kimya? Hata usingizini unabishana."

"Nimeahidi mbele ya mwalimu."

Basi wakafunga Kobe. Walifanya kazi upesi, lakini mioyo ilikuwa bado imenuna, kwa hiyo spana zilipokezanwa bila maneno. Na kwa sababu ya kununa huko, kila mmoja alidhani mwenzake amekaza kile kifundo cha mpira kinachokaa juu ya mkono wa gia. Hakuna aliyekikaza. Kilibaki juu ya meza, kando ya kikombe cha chai iliyopoa.

*

Asubuhi yake waliondoka kungali na ubaridi, trela likiwafuata kwa mlio wa minyororo. Kwenye tambarare mambo yalikuwa shwari. Mwalimu alikaa dirishani, fundi katikati, na dada, mikono ndani ya glavu zake nene za safari, akiimba kwa sauti isiyo na uhusiano wowote na muziki. Mbali, juu ya milima, wingu jeusi lilikuwa limejiinamia.

"Ile mvua," mwalimu alisema.

"Iko kwao," dada alijibu. "Haiko kwetu."

Walifika ukingoni mwa genge jua likiwa juu. Barabara ilikuwa mkwaruzo tu ubavuni mwa mlima: upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa. Dada alisimamisha gari, akaweka gia ya kwanza, akaanza kuteremka kwa hatua za mgonjwa.

Kona ya kwanza wakaipita. Ya pili wakaipita. Ya tatu trela liliyumba, tairi lake likafyatua jiwe, na jiwe likagonga chini ya pikapu. Ulikuwa mlio mdogo tu, ngo! kama mtu aliyebisha hodi. Dada alikanyaga breki. Mguu wake ukazama hadi sakafuni.

"Paipu ya breki imekatika," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ndio uliomtisha fundi.

"Handibreki!"

"Nimeshaivuta. Trela linatusukuma."

Injini ya dizeli ilinguruma ikijizuia. Kobe peke yake ndiye aliyekuwa amewashikilia: yale meno yake makubwa ya polepole yaliyakatalia magurudumu yasikimbie. Halafu fundi aliuona mkono wa gia ukitetemeka, ukianza kurudi nyuma kidogo kidogo, kama jino linalotaka kung'oka.

Ikichomoka hapa hairudi tena. Alilijua hilo kama alivyojua jina la mama yake.

Akaurukia mkono wa gia kwa mikono miwili, akaukandamiza mbele. Hapo ndipo alipogundua kwamba kifundo hakipo. Kilichokuwa kwenye kiganja chake ni chuma kitupu chenye meno makali ya parafujo, na kila mtikisiko wa mlima uliyasukuma meno hayo ndani ya nyama.

"Kifundo kiko wapi?" alipiga kelele.

"Si ulikikaza wewe!"

"Mimi? Si wewe!"

"Jamani," mwalimu alisema, amefumba macho, "mtagombana tukifika."

"Usiachie, mdogo wangu," dada alisema. "Ukiachia tumekwisha."

"Siachii."

Damu ilianza kutiririka mkononi, ikateleza, ikaingia ndani ya shati. Alijaribu kubadilisha mkono, gia ikaruka nusu, injini ikapiga ukelele. Akairudisha kwa bega. Hakujaribu tena. Nyuma yao dumu la maji lilikatika kamba, likadunda mara moja kwenye mwamba na kupasuka. Hakuna aliyegeuka. Kona ikaja, ikapita. Nyingine ikaja. Dada aliishika sukani kama mtu anayembembeleza mnyama mwenye hasira, akinong'ona, "Pole pole, Kobe. Pole pole, baba."

Kisha ardhi ikalala, na gari likaingia kwenye mchanga wa mto mkavu, likasimama lenyewe.

Walisikiliza injini ikipumua.

"Achia sasa," dada alimwambia.

Fundi alitazama mkono wake. Vidole havikutaka kufunguka. Dada alivifungua kimoja kimoja, na alipoona kiganja, uso wake ukabadilika.

"Maji?"

"Yamebaki ya birika," mwalimu alisema. "Dumu limekwenda."

"Kidonda kwanza, kiu baadaye." Akamwagia kidogo, kidogo sana, akaosha damu. Mwalimu alivua tai yake, akaikung'uta, akaufunga mkono ule kwa uangalifu kama anayefunga zawadi.

"Nilikuwa nashangaa ni ya nini," dada alisema.

"Niliwaambia watoto naenda mjini kuongea na wakubwa. Mtu haendi kwa wakubwa shingo tupu."

Wakacheka wote watatu, kicheko cha watu waliotoka kaburini. Lakini kicheko hakikudumu. Magurudumu ya trela yalikuwa yamezama mchangani nusu yake.

Wakachimba. Koleo lilikuwa moja, kwa hiyo fundi alichimba kwa sahani ya chakula na mkono wa kushoto. Wakapanga mawe bapa mbele ya matairi, wakatandika gunia na mikeka ya gari. Jua liliwapiga utosini, midomo ikapasuka, na maji ya birika yakapitishwa kwa mafunda ambayo kila mmoja alijifanya amekunywa zaidi ya alivyokunywa.

Mwalimu ndiye aliyesimama wa kwanza. "Mnasikia?"

Fundi hakusikia kitu, kisha akasikia. Ulikuwa mvumo mzito, kama magunia yanayoburutwa juu ya sakafu ya mbao. Upepo wenye harufu ya udongo mbichi ukawapiga usoni.

Ile mvua ya milimani ilikuwa inakuja kwao.

"Upesi!" dada alisema, tayari yuko nyuma ya sukani. "Nyie sukumeni!"

"Likate trela tukimbie!" fundi alisema.

Dada alimtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa ameshaweka bega lake nyuma ya trela.

"Basi tusukume," fundi akasema.

Dada aliweka gia ya kwanza, akaachia klachi yote, mguu mbali kabisa. Magurudumu yakazunguka polepole, yakauma jiwe, yakaliachia, yakauma jingine. Trela likatikisika. Fundi alisukuma kwa kifua na kwa viwiko, na katikati ya hofu yote ile pua yake ya ufundi ikafanya kazi yake: akanusa. Hakukuwa na harufu ya klachi iliyoungua. Kwa Swala, bonde zima lingekuwa linanuka sasa hivi, na gari lingekuwa limekufa. Hakuwa na nafasi ya kusikitika. Alishukuru tu.

Maji yalitokea kwenye kona ya mto: ukuta mfupi wa povu, vijiti na matope. Yakawafika miguuni, yakawafika magotini. Mwalimu akaanguka. Fundi alimkamata ukosi kwa mkono wenye tai, na maumivu yakampanda hadi kichwani kama moto. Kwa mkono mwingine alishika mnyororo wa trela. Na Kobe, bila haraka, kama mzee anayekwenda zake shambani, aliwaburuta wote wawili pamoja na mzigo, akapanda ukingo, akawatoa mahali pakavu.

Nyuma yao mto ulipita ukinguruma, umebeba mikeka yao, koleo lao na birika.

Dada alizima injini, akashuka, akaegemea bodi.

"Sasa nani alisema Kobe ni mgonjwa?"

"Ni mgonjwa," fundi alijibu, amelala chali. "Lakini ni mgonjwa mwenye huruma."

*

Walifika shuleni jioni. Watoto walikuwa wamejipanga na ndoo tupu, si kwa sababu kuna aliyewaambia, bali kwa sababu walikuwa wameusikia mlio wa dizeli tangu mbali. Langoni mwalimu alivaa viatu vyake ndipo akashuka.

"Mwalimu, tai yako iko wapi?" binti mmoja mdogo aliuliza.

"Ile pale. Imefunga mkono uliowaletea maji."

Kesho yake, pampu ilipofungwa na injini yake kuwashwa, bomba lilikohoa, likatema hewa, likatema tope, kisha likatoa maji meupe yenye baridi ya chini ya ardhi. Kelele zilizopigwa hapo zilimfanya fundi ageuke pembeni, akajidai amepatwa na vumbi machoni. Dada alikunywa kwa viganja hadi tumbo likamuuma.

Baada ya kuunga paipu ya breki, walirudi kwa njia ndefu, bila haraka. Njiani fundi aliutazama mkono wa gia, chuma kile kilichokuwa na damu yake iliyokauka. Marehemu baba yao naye alikuwa ameushika miaka yote ile.

Walipoingia gereji, kifundo kilikuwa palepale mezani. Dada alikitia mfukoni. Kisha akaleta jeki, akalala chini ya gari na kuanza kufungua bolti za giaboksi.

"Dada, unafanya nini?"

"Mkono wako haujapona, kwa hiyo nafungua mimi. Tumerudi salama, si ndiyo?"

"Acha bwana! Baada ya yote yale? Nimekusamehe ahadi yako. Mwache Kobe wa baba."

Mlio wa spana ulinyamaza. Dada alijibu kutoka chini ya gari.

"Kazi zetu ni za lami, ulisema kweli. Na nilitoa neno. Neno nalo huruka kama gia, mdogo wangu; lazima ulishike, hasa pale linapokuuma mkononi. Nipe spana ya kumi na saba."

Akampa.

Kobe aliteremshwa, akafutwa, akapakwa mafuta, akafunikwa gunia safi juu ya rafu. Dada alisimama mbele yake kidogo, kiganja kikiwa juu ya chuma. Kisha wakafunga Swala, na safari hii walihakikisha kifundo kimekazwa, wote wawili, kwa zamu.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya kuvuta trela la mbao. Kwenye mwinuko mdogo wa kutokea gereji, dada aliachia klachi. Gari lilitetemeka, likakwama, likazima. Mtaa mzima ulitazama. Fundi, kando yake, alijikunyata akisubiri.

Dada alivuta pumzi. Akabana midomo hadi ikawa mstari. Akawasha gari upya, akaongeza mafuta, akapanda, akaingia barabarani, akabadilisha gia ya pili, ya tatu, ya nne, na hatimaye ya tano, wakawa wanateleza juu ya lami kimya kama watu walio usingizini.

Hakutoa neno. Hata moja.