Wati Sitini za Saa Nane

Duka la vifaa vya sola lilijaa hata sindano haipiti. Fundi alikuwa amebeba paneli kichwani aliposikia sauti ya kike nyuma yake.

"Kaka, paneli yako imenivua kilemba!"

Akageuka. Gauni la njano, futi ya kupimia nguo shingoni, kilemba mkononi. Mshonaji! Fundi akasahau kilichomleta.

"Samahani, dada. Unatafuta nini?"

"Sola ya nyumba. Nipe kubwa."

"Sola hainunuliwi kwa macho. Nitajie kwanza unachowasha."

"Taa tano, friji dogo, cherehani. Naishi peke yangu," akasema, na hilo la mwisho akaliremba kwa tabasamu.

Fundi akamfungia mita ya kupima matumizi ya umeme wa nyumba kwa wiki nzima. Wiki ya simu!

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

Majirani wakaanza kuulizana harusi lini.

Siku ya nane Fundi akasoma mita, akakunja uso. Kila siku, saa nane mchana kamili, wati sitini, kiasi cha feni moja, zilipanda, zikakaa saa nzima, zikashuka. Hata Jumamosi waliyoshinda wote mjini.

Akapiga simu. "Nani anapigwa na feni kwako mchana?"

"Hakuna mtu."

"Mita haina umbea. Umeficha mume ndani!"

"Njoo saa nane umwone." Simu ikakatwa.

Alipofika, Mshonaji, macho mekundu, akamfungulia chumba cha nyuma. Kitanda kimetandikwa vizuri. Feni juu ya stuli inazunguka, na waya wake umelala sakafuni, haujachomekwa popote.

"Marehemu mama," akanong'ona. "Alikuwa akilala saa hizi. Wachumba wawili walishakimbia, mmoja bila viatu. Mlango uko wazi, nenda."

Shuka likabonyea polepole, kama mtu anajigeuza.

Fundi akatoa penseli sikioni na orodha ya vifaa mfukoni. Chini ya neno "cherehani" akaandika: feni, wati sitini, saa moja. Akaipiga mstari betri aliyoichagua awali, akaandika kubwa zaidi.

"Ukimficha mtu, mpenzi, utafungiwa betri ndogo."

Akageukia kitanda. "Shikamoo, mama. Naomba nimuoe binti yako."

Feni ikasimama. Mshonaji akamkamata mkono. Kisha feni ikageuza shingo taratibu, ikawatazama wote wawili, ikaanza kuwapulizia upepo.