Cheni ya Giya kwenye Baiskeli ya Zubeiri

Mwaka 1974, kila asubuhi, Zubeiri alitoka Onduparaka na gunia la muhogo kwenye keria ya baiskeli yake nyeusi. Mkewe, Hawah, alikuwa na mimba ya miezi minane. Jumanne ilibidi afike hospitali ya Kuluva kupimwa.

Jirani yao Tahiru, baba yake Kulusum, aliwahi kuwa fundi jeshini. Baiskeli yake ilikuwa ya giya, na cheni yake nyembamba iling'aa.

"Baiskeli ya Baba Kulusum iko laini," Hawah alisema. "Inapanda mlima kama hapana mlima."

Macho hayana pazia. Zubeiri aliona wivu mpaka chai ikamshinda.

Cheni yake mwenyewe ilikuwa imelegea. Jumatatu akaenda soko la Arua. Cheni nene kama yake ya zamani zilikuwapo, lakini yeye alitoa majogoo wawili akachukua nyembamba, kama ya Tahiru.

Akaifunga, akapanda. Alipokanyaga pedeli, cheni ikaruka juu ya meno ya gurudumu la nyuma. Ta! Ta! Goti likagonga usukani.

"Basi kesho Baba Kulusum atanibeba," Hawah alisema.

Mke wake, kwenye keria ya Tahiru! Onduparaka nzima ikitazama! Lakini Hawah hakuweza kutembea mpaka Kuluva. Basi akasukuma baiskeli hadi kwa Tahiru, uso chini.

Tahiru aliinama, akaangalia. "Bwana Zubeiri, hii cheni iko ya giya. Meno ya giya iko nyembamba. Yako iko nene. Ona, cheni nakaa juu, hapana naingia chini."

"Mimi nilifikiri nyembamba iko bora."

"Iko bora kwa baiskeli yangu. Na meno yako ya nyuma imekwisha, iko kama ndoana. Ukiweka cheni mpya tu, itaruka tena. Badilisha cheni na meno pamoja. Na ukienda soko, beba ile ya zamani, ulinganishe."

Tahiru alitoa sandukuni cheni nene na meno mazima ya nyuma. Akachukua ile nyembamba, kwa kuwa ilimfaa yeye. Wakafunga cheni nene na meno hayo pamoja. Sasa cheni ilikaa chini kabisa kati ya meno.

Jumanne walifika Kuluva bila cheni kuruka hata mara moja. Nesi akasema mtoto ni mzima.

Njiani wakirudi, Hawah alisema, "Kweli, Baba Kulusum iko fundi!"

Moyo wa Zubeiri ulichomwa tena kidogo na wivu. Lakini Hawah alikuwa amekaa nyuma yake yeye, amemshika kiunoni. Akakanyaga pedeli.