Inuka Polepole, Gogo

Ting'. Kifuniko cha mkebe wa maziwa kiligonga sakafu, kikazunguka, kikanyamaza. Huko Kuresoi kulikuwa bado na giza. Jepleting, bibi ambaye kila mtu alimwita Gogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin, alikuwa chini kando ya kitanda chake.

Alikuwa amesikia ng'ombe wake, Chelel, akilia zizini. Akaruka kitandani kama msichana. Macho yakaingia giza, akaanguka, paji la uso likagonga mkebe uliokuwa kando ya kitanda. Hii ilikuwa mara ya pili tangu mvua zianze.

Alisubiri hapo sakafuni. Hakuna aliyeuliza, "Umeumia?" Mzee wake alizikwa mwaka uliopita. Mwanawe, Kiprotich, alifanya kazi mbali, kwenye mitambo ya umeme ya Olkaria. Alikuwa amemwambia, "Mama, ukianguka tena, tutauza Chelel, uje ukae na sisi."

Gogo aliwapenda wajukuu wake. Lakini kule Olkaria angeamkia nini? Chelel ndiye aliyebaki wa kumwita asubuhi. Basi akainuka, akafunga kitambaa juu ya jeraha la paji la uso, akaenda kukamua. Maziwa yote akampa mchukuzi barabarani.

Jua lilipotoka, Namalwa alibisha hodi. Namalwa ni jirani, na pia ni mhudumu wa afya wa kijiji. Alibeba mashine ya kupima presha, na viazi alivyochimba asubuhi hiyo.

"Gogo, kitambaa leo kimeshuka hadi kwenye jicho moja. Ni mtindo mpya?"

"Ni baridi tu."

"Baridi ya upande mmoja?"

Gogo akacheka kidogo. Kisha machozi yakamtoka. "Nimeanguka tena. Usimwambie Kiprotich. Atauza ng'ombe."

"Tujue kwanza kinachokuangusha," Namalwa akasema.

Alimlaza, akampima. Kisha akamsimamisha, akampima tena huku amemshika kiuno. Presha ilikuwa imeshuka sana.

"Lakini mimi nina presha ya juu," Gogo akasema. "Labda ni hizi dawa. Niziache?"

"Usiziache. Mtu anaweza kuwa na presha ya juu akilala, na ishuke akisimama. Hebu niambie, ng'ombe hukamuliwa vipi?"

"Unakaza, unalegeza. Hata mtoto anajua."

"Mishipa ya damu pia hukaza na kulegea. Kuta zake hutengeneza hewa kidogo sana inayoitwa naitriki oksaidi. Hiyo huilegeza, damu ipite vizuri. Sasa ukisimama, damu huteremkia miguuni. Shingoni na karibu na moyo kuna mishipa ya fahamu inayogundua hilo. Inapeleka habari kwenye ubongo. Ubongo unaamuru moyo upige haraka na mishipa ya damu ijikaze. Yote hayo yanafanyika hata hujavaa kiatu."

"Na kwangu?"

"Kwa mzee, mara nyingi habari huchelewa. Damu haifiki kichwani upesi, unaona giza."

"Kwa hivyo mjumbe wangu naye anatembea na bakora."

"Ndiyo. Mngojee."

Namalwa akatazama jikoni. Jivu lilikuwa baridi. Kikombe kilikuwa kikavu. "Umekunywa nini leo?"

"Bado."

"Na jana?"

Gogo aliangalia mafiga. "Chai ya mtu mmoja siwezi kupika. Naona kama napikia ukuta."

Namalwa alipasua kuni, akawasha moto, akachemsha chai. Walipokuwa wakipuliza vikombe, akasema, "Mwili ukikosa maji, damu hupungua. Mjumbe wako anazidi kushindwa. Asubuhi, chezesha miguu kwanza ukiwa umelala. Kaa ukingoni mwa kitanda, unywe maji. Kichwa kikitulia, simama huku umeshika kitu. Ukiona giza, kaa tena."

Siku hiyohiyo alimpeleka dispensari. Daktari akalisafisha jeraha, akampima, akabadilisha kipimo cha dawa. Jioni Gogo alimpigia Kiprotich simu mwenyewe, Namalwa akiwa amekaa karibu naye. Alisema yote. "Nitakuja nione," Kiprotich akasema.

Alikuja mwisho wa mwezi. Alfajiri Chelel alilia. Kiprotich akakimbilia chumba cha mama yake. Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, anakunywa maji.

"Mama, ng'ombe analia."

"Mwache alie. Namngoja mjumbe wangu."

Alimaliza maji. Akashika ukuta, akasimama. Hakuyumba. Kiprotich alichukua mkebe, akamfuata zizini. Habari ya kuuza ng'ombe haikutajwa tena.

Kiprotich alipoondoka, nyumba ikanyamaza. Mchana Namalwa alipita, akampima akiwa amelala, kisha amesimama.

"Vizuri sana, Gogo. Sasa huhitaji nipite mara kwa mara."

Gogo alikuwa ameosha vikombe viwili. Alivipanga kando ya birika, kimoja karibu na kingine.

"Maji nimejifunza kunywa peke yangu," akasema. "Lakini chai bado siwezi kupikia ukuta. Utakuja tena kesho?"